Mtu Mzima Hasahihishwi

Kanuni za Bunge la Kenya zina kifungu kimoja ambacho huwatoa wabunge jasho kuliko hoja nyingi za wapinzani wao. Mbunge akianza kuchangia kwa Kiswahili, sharti amalize kwa Kiswahili. Akianza kwa Kiingereza, amalize kwa Kiingereza. Na Lugha ya Ishara ya Kenya nayo imo katika kanuni hiyo hiyo. Kuchanganya hakuruhusiwi. Basi mheshimiwa anainuka, anamsalimu Spika kwa madaha, anatoa sentensi mbili tatu zilizonyooka, halafu anafikia kiini cha hoja yake: mswada, vifungu vyake, marekebisho yake, fedha zilizotengwa. Hapo ndipo ulimi unapoteleza. Hii kifungu, hiki kifungu, haya marekebisho yenye tulipitisha. Wenzake wanaangua kicheko, Spika anawatuliza, na msemaji anaketi mapema kuliko alivyokusudia. Siku nyingine akisimama, huanza kwa Kiingereza.

Huyo hakukosa elimu. Huenda ni wakili, daktari au mwalimu mkuu mstaafu. Wala hakukosa Kiswahili: wakati wa kampeni alipanda juu ya gari akahutubia umati kwa Kiswahili saa nzima bila karatasi, akatania, akarusha vijembe, akaomba kura, na watu wakamwelewa hadi wakampa. Kiswahili anacho. Kinachomshinda ni kukisema mbele ya watu wanaongoja akosee.

Nimewasikiliza watu wazima wengi wa aina hiyo, Nairobi na Nakuru, Kisumu na hata Mombasa, na hukumu yangu ni hii: ugumu wa sarufi haumkimbizi mtu mzima. Anaikimbia kwa kuwa alipokuwa mdogo alikutana nayo kama adhabu, na alipokua, adabu zetu zikamzuia kila mtu kumsahihisha, isipokuwa kwa kumcheka.

Anayekwepa sarufi hanyamazi. Ana vichochoro vyake, na ukitega sikio ofisini utavijua vyote kabla ya chai ya saa nne. Kipana kuliko vyote ni nomino ya Kiingereza. Mkutano una madai yake: mkutano umeahirishwa, mikutano imeahirishwa. Mwenye haraka anasema "mitingi imeahirishwa" na mambo yanakwisha, kwa maana vitu vyenye majina ya kigeni, kwa wingi wao, hupokewa katika ngeli ya I-ZI, ambayo haibadilishi hata herufi moja ya nomino. Fomu imepotea, fomu zimepotea. Ofisi imefungwa, ofisi zimefungwa. Tumezoea kusema kwamba watu wa mjini wanachanganya lugha kwa maringo. Wa maringo wapo. Lakini msikilize mtu kwa makini uone ni wapi hasa anapoingiza neno la Kiingereza: mara nyingi ni pale ambapo neno la Kiswahili lingemlazimisha kuchagua kati ya *wake*, *chake*, *lake* na *yake*.

Halafu kuna "mwenye". Sarufi sanifu inataka useme "mtu aliyeiba simu", "kiti kilichovunjika", "maji yaliyomwagika". Yaani uchague kirejeshi, kisha ukipachike katikati ya kitenzi bila kukosea mahali. Nairobi wamelitatua hilo zamani: mtu mwenye aliiba, kiti yenye ilivunjika, maji yenye ilimwagika. Wanaojitahidi kidogo hukimbilia "amba-", ambayo ni halali kabisa, ila nayo wanaipunguza ikabaki "ambayo" peke yake, ya vitabu, ya mlango, ya ugonjwa na ya deni. Na mambo yakizidi, "kitu" kinatosha.

"Niletee ile kitu."

"Gani?"

"Ile kitu ya kufungua hii kitu."

Na inaletwa. Ndiyo shida ya vichochoro: vinafika.

Kwenye maandishi havifiki hivyo, ndiyo maana wengi hawaandiki kabisa. Katika chama cha kina mama, tazama siku ya uchaguzi wa viongozi. Nafasi ya mweka hazina ina wagombea, ingawa ndiyo yenye lawama. Nafasi ya katibu inapitishwa mkono kwa mkono hadi inamwangukia binti wa mtu aliyemaliza kidato cha nne juzi, naye anaandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza alichofundishwa, ambacho nusu ya wanachama hawakisomi. Simu nazo zimeleta mtindo wake: "nita kupigia kesho", "wame kuja", "ana sema hata weza". Hapo mtu ameukatakata mwili wa kitenzi kwa sababu jicho lake limezoea lugha yenye maneno mafupi mafupi. Kiswahili hakikatiki hivyo. *Hatutawapikia* ni neno moja lenye vipande saba, ha-tu-ta-wa-pik-i-a, na ndani yake mna ukanushi, mtenda, wakati, watendewa, tendo, na habari kwamba tendo ni kwa ajili yao. Kulisema hakumshindi mtoto wa miaka minne. Kuliandika kunamtisha mtu wa miaka arobaini. Simu haimsaidii: iliyowekwa kwa Kiingereza humpigia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, lililo sawa na lililo kombo, hata anazoea kwamba lugha yake yote ni kosa.

Sasa, kabla hatujamhukumu anayesema "kiti yangu imevunjika", tumsikilize vizuri. Mtu huyo hasemi ovyo. Viti vikiwa vingi atasema "viti zangu zimevunjika", wala hatakosea wingi hata siku moja. Akifika kwenye kiumbe chenye uhai, kitenzi kinarudi kwenye mstari: hata yule wa "mtoto yangu" hatakuambia "mtoto imelala". Ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu: vitu visivyo na uhai vyote vimekusanywa kapu moja, na vyenye uhai vimebaki na A na WA zao. Kanuni ya namna hiyo hiyo utaikuta Lubumbashi, ambako nako husemwa "kitabu yangu". Popote Kiswahili kilipojifunzwa kama lugha ya kazi na biashara na watu wenye lugha nyingine nyumbani, ngeli zilipunguzwa.

Au chukua "anakujaga" ya Kanda ya Ziwa, ambayo siku hizi imeenea Tanzania nzima, na ndugu yake "anakujanga" wa magharibi mwa Kenya na Nairobi. Walimu wanaichukia. Wanataka "huja". Lakini "huja" haisemi ni nani anayekuja. Lazima umtaje kando. Na haina wakati uliopita: ukitaka kueleza mazoea ya zamani, unalazimika kuzunguka kwa "alikuwa akija". Mwenye "-ga" anasema "nilikuwaga naenda" na amebakiza nafsi, wakati na mazoea mahali pamoja. Mimi siiandiki na sitaiandika. Lakini ningekuwa mwalimu, nisingemwambia mwanafunzi kwamba ni uvivu, kwa sababu mvivu hatengenezi kiambishi kinachofanya kazi ambayo kile cha kitabuni hakiiwezi.

Kwa hiyo uwezo wa sarufi upo. Tuulize ulivyotiwa woga.

Kwa Wakenya wa umri fulani jibu lipo kwenye ratiba ya shule. Aliyemaliza darasa la saba miaka ya 1970 alifanya mtihani wa CPE, uliokuwa na Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwemo. Na somo lisilotahiniwa, kila mzazi anajua, ni kipindi cha kufagia uwanja au cha kumalizia hesabu za jana. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilikuwa imekipa Kiingereza nafasi ya mbele, na shule zikafuata. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta akaamuru Bunge lizungumze Kiswahili. Sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mbunge alikuwa anasoma mswada kwa lugha moja na kuujadili kwa nyingine, lugha ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kanuni zake. Baadaye Kiingereza kikarudishwa bungeni. Ni hadi 1985, ulipoingia mfumo wa elimu wa 8-4-4, ndipo Kiswahili kilipokuwa somo la lazima lenye mtihani, shule za msingi na za upili. Amri ilifika bungeni miaka kumi na moja kabla ya somo kufika darasani.

Waliokuja baada ya 1985 walifundishwa, tena sana. Ndipo tunapofika kwenye adhabu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80, na 40 kati ya hizo ni za matumizi ya lugha. Kila aliyeipitia anakumbuka maswali yake: akifisha, changanua kwa matawi, eleza matumizi mawili ya "ki", andika kwa ukubwa, andika kwa udogo. Chukua swali la aina hii: "Mtoto huyo alipanda mti," iandike kwa ukubwa. Jibu ni "Toto hilo lilipanda jiti." Ni sahihi, lina alama mbili, na sijawahi kumsikia mtu mzima akilitamka nje ya chumba cha mtihani ila kwa kutukana. Wakati huo huo yule mtahiniwa hakuwahi kuulizwa aandike hati ya kukopesha fedha, au malalamiko kwa mwenye nyumba, au taarifa ya ajali. Alifunzwa kuitaja sarufi kwa majina yake, kielezi na kivumishi na kihusishi, kama mtu anayefundishwa majina ya vipuri vya baiskeli bila kuipanda. Alipotoka shule aliyaacha majina mlangoni, na akaamini kwamba pamoja nayo ameiacha sarufi yenyewe.

Juu ya hayo kulikuwa na aibu ya waziwazi. Katika shule nyingi za Kenya aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho hadi amnase mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa akili, na waliosoma miaka mingi baada yake wana hadithi zile zile. Kalamu nyekundu ilikuwa upande wa pili wa kibao hicho. Mtoto aliyeandika insha ya kurasa mbili juu ya kifo cha babu yake alirudishiwa ikiwa na miduara kumi na minane na maneno "chunga ngeli". Juu ya babu, kimya.

Hata wenye lugha hawakusalimika. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo wajumbe wake wa mwanzo walikuwa maafisa wa elimu wa kikoloni na wamishonari. Katibu wake, Frederick Johnson, ndiye ambaye jina lake lilifungamana na kamusi zilizotoka 1939. Kimvita, lahaja aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, kikawa makosa ndani ya mji wake wenyewe. Mtoto wa Mji wa Kale anayemsikia bibi yake akisema "ndia", "mtele" na "kuteka" lazima aandike "njia", "mchele" na "kucheka" au apoteze alama. Mwaka 1974 diwani ya Abdilatif Abdalla, *Sauti ya Dhiki*, iliyojaa Kimvita, ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Nchi moja, lahaja moja: mshairi anapewa tuzo, mtoto anapigiwa mduara mwekundu.

Tanzania hawana aibu hii, wana kinyume chake. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967 anaamini hana la kufundishwa. Ukimwonyesha kwamba "hauna" ni ya mti na "huna" ni ya wewe, atakutazama kama mgeni aliyekuja kumfundisha kupika ugali. Aibu yake ameiweka kwenye Kiingereza cha sekondari, na huko anahema vile vile anavyohema mbunge wa Kenya kwenye Kiswahili. Ugonjwa ni mmoja, umebadili tu upande wa mpaka.

Shuleni, hata hivyo, mtu hukaa miaka kumi na miwili tu. Kinachomfungia mtu mzima maisha yake yote ni adabu. Katika nyumba zetu mtoto hamsahihishi mzazi. Hakuna binti atakayemwambia baba yake mezani, "Baba, si kitabu yangu, ni kitabu changu." Ofisini, karani anayechapa barua ya bosi huyanyoosha makosa kimyakimya na kumpelekea asaini, bosi anasaini bila kujua kilichobadilishwa, na kesho anakosea vile vile. Kanisani hakuna atakayemfuata mzee wa kanisa baada ya ibada kumweleza habari za "watu wenye walikuja". Kwa hiyo kosa la mtu mzima hukaa, likaota mizizi, likaheshimiwa pamoja naye. Njia pekee ya kulitaja ni kicheko: mchekeshaji kwenye televisheni anayeigiza lafudhi ya kabila fulani, Mombasa wakiwacheka wa bara, Dar es Salaam wakiwacheka Wakenya wote kwa jumla. Kicheko kinamwambia mtu kwamba amekosea. Hakimwambii kilicho sawa.

Na akitaka kujifunza upya, jina analoitwa linamngoja. Madarasa ya kisomo cha watu wazima Kenya yalijulikana kama ngumbaru, na neno hilo likageuka tusi: mwite mtu ngumbaru uone. Kimani Maruge alilibeba bila haya. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, kaptura na soksi, baada ya serikali kufuta karo. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Dunia nzima ilimpiga picha. Wenzake wa umri wa kati, wenye shahada na gari, hawataki hata kuonekana wameshika kitabu cha sarufi ndani ya matatu.

Wako wanaodai kwamba mtu wa bara hawezi kukimudu Kiswahili ukubwani, kwamba ni lugha ya kunyonya. Madai hayo hayana miguu. Julius Nyerere alikulia katika Kizanaki, na bado akatafsiri tamthilia za Shakespeare, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, huku akiwa mkuu wa nchi. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na hakuna mwanafunzi wa ushairi anayempita bila kumsalimu. Euphrase Kezilahabi alitoka kisiwani Ukerewe. Ken Walibora wa Bungoma aliandika *Siku Njema*, na vijana wa Kenya wakaisoma hadi majina ya wahusika yakawa yao. Walichokuwa nacho hao ni usomaji mwingi na uandishi wa kila siku, na ujasiri wa kuandika kwa lugha ambayo wenye pwani yao wangeweza kuikosoa.

Mtu mzima wa kawaida hahitaji kuandika riwaya. Lakini sarufi anaihitaji, na mahali anapoihitaji ni pale ambapo haonywi mapema.

Hebu tutazame karatasi moja ya aina inayoandikwa kila wiki kwenye vibanda vya fotokopi karibu na ofisi za chifu. "Mimi niliyetia saini hapa chini nimemkopa jirani yangu shilingi 30,000 na atanirudishia mwisho wa Desemba." Isome tena polepole. Kukopa ni kuchukua. Kukopesha ni kutoa. "Nimemkopa" maana yake nimechukua kutoka kwake. "Atanirudishia" maana yake ndiye atakayenilipa. Karatasi hiyo inasema kwamba mimi ndiye mdaiwa na papo hapo inasema kwamba mimi ndiye mdai. Wakati wanaiandika wote wawili walijua ni nani aliyetoa fedha, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro. Januari, mmoja wao atakuwa ameiona, na si yule aliyetoa. Wazee wa mtaa watakaa juu ya jambo hilo mchana kutwa, na yote ni kwa ajili ya "-esh-" iliyosahaulika.

Mashamba nayo ni hivyo hivyo. Aliyenunua ameuziwa. Aliyeuza amemuuzia mwenzake. Wapo wanaoandika "nimeuzwa shamba na fulani", wakajiuza wenyewe pamoja na mimea. Kwenye taarifa ya polisi, "alinipigia usiku" na "alinipiga usiku" zimetenganishwa na herufi moja, na kati yake pana simu upande mmoja na shtaka upande wa pili. Mwenye nyumba anayeandika "mpangaji hakulipa kodi ya Juni" amesema kwamba Juni haikulipwa wakati wake. Hajasema kama ililipwa Julai. Akiandika "hajalipa kodi ya Juni", deni limesimama hadi leo anapoandika. Mpangaji mjanja anaijua tofauti hiyo, hata kama haijui kwa jina la "hali timilifu kanushi".

Haya yamezidi uzito sasa. Mahakama za chini za Kenya huendeshwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya mahakama. Mtu anayesimama kizimbani akitegemea vichochoro vyake vya ofisini atakuta havina mlango wa kutokea. Karani ataandika alichosema, si alichokusudia.

Ndiyo maana nasema madarasa ya watu wazima, popote yalipo, yaanze na deni na si na jedwali la ngeli. Wazo hili si geni kwetu. Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ilikuwa tayari inajaribu kisomo chenye manufaa huko kanda ya Ziwa, ambako mkulima alijifunza kusoma kupitia kitabu cha pamba au cha migomba, na mvuvi kupitia cha uvuvi. Mwalimu alianza na kazi ya mtu. Sarufi nayo inaweza kuanzia hapo: leo kukopa na kukopesha, kesho kuuza, kuuzia na kuuziwa, wiki ijayo hakulipa na hajalipa. Ngeli zitakuja zenyewe, maana hata hati ya mkopo lazima iseme kama kilichowekwa rehani ni shamba *lake* au ng'ombe *wake*.

Vituo vya redio vina wasikilizaji wengi wazima kuliko darasa lolote, na vina saa nyingi za usiku zinazojazwa na porojo. Dakika kumi za kusoma barua moja ya msikilizaji, bila jina lake, na kuinyoosha kwa heshima, zingefanya kazi ambayo mihadhara ya kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, haijaifanya. Nawaomba wahariri wa vipindi wajaribu, na wasimwalike mchekeshaji.

Wewe unayesoma, kama unazijua hizi tofauti, usizifanye kuwa rungu. Usimsahihishe mtu mbele ya mkewe, wala mbele ya wafanyakazi wake, wala kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako shangazi watatu watatuma vikatuni vya kucheka kabla hajasoma ulichomwandikia. Na ukiona jirani ameandika "nimemkopa" palipostahili "nimemkopesha", mwite pembeni umwambie kabla hajatia saini.